Kibuyu cha Manyoya cha Elmina Mongina

Wasikilizaji wapendwa, iwe redio yenu iko juu ya kabati, au mmeitundika kwenye tawi huku mkichuma majani chai, iongezeni sauti kidogo. Leo tunamkumbuka mama mmoja. Aliitwa Elmina. Elmina Mongina. Wengi wenu kule Roret mlimwita Mama Manyoya, na tuseme ukweli, si wote mliolitaja jina hilo kwa wema. Leo tulitaje kwa wema.

Elmina alituacha mwezi uliopita, tarehe tisa Julai, mwaka huu wa tisini na tisa. Ilikuwa malaria. Ni ile ile inayotupandia hapa milimani kila baada ya mvua ndefu, nasi tunaiita homa tu mpaka tunachelewa. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Amemwacha mume wake, Weldon Kipkurui, karani wa kituo cha kununulia majani chai. Amemwacha binti yao, Chepngetich, aliye kidato cha kwanza. Na amemwacha mama mkwe wake, Kogo Tecla. Kogo, kwa mnaotusikiliza kutoka mbali, ni nyanya kwa Kikipsigis. Mkumbukeni sana huyo Kogo, maana bila yeye hakuna hadithi.

Elmina hakuzaliwa Roret. Alizaliwa kwenye laini za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, upande wa Kericho. Baba yake, mzee Bogonko, alikuwa ametoka Kisii kuja kuchuma chai. Walikaa chumba kimoja, watu saba. Kuku alichinjwa mara moja kwa mwaka, Krismasi, na kazi ya kumnyonyoa ilikuwa ya Elmina.

Kaka yake, Antony, alituambia hivi: "Sisi tulikuwa tunangojea nyama. Yeye alikuwa anabaki nyuma ya nyumba na manyoya. Mwaka mmoja alizika unyoya mmoja kwa udongo. Pasaka akaenda kuufukua. Akaupata vile vile, hata haujabadilika rangi. Akakuja kuniuliza, Antony, kwa nini huu hauozi? Mimi nilimwambia aende achote maji."

Maji aliyachota. Lakini swali lile hakuliacha.

Alisoma mpaka kidato cha nne, akafanya kozi, akapata kazi ya ufundi wa maabara katika shule moja ya sekondari karibu na Roret. Mnamjua fundi wa maabara. Ni yule anayeosha chupa, anayewasha moto, na ambaye mwalimu akikwama anamtazama kwa pembe ya jicho. Hapo ndipo alipokutana na Weldon. Mwaka wa themanini na tano wakaoana, na Elmina akaja Roret, Mkisii kwenye boma la Wakipsigis.

Kogo Tecla alimpokea vizuri. Alimpa sotet. Huko mbali mnaweza kuuliza sotet ni nini. Ni kibuyu cha maziwa. Kinasuguliwa ndani kwa kaa la moto la mti wa senetwet, halafu maziwa yanatiwa, yanagandia humo siku kadhaa, yanatoka mursik. Sotet ya Kogo ilikuwa ya zamani, ina ufa uliofumwa kwa uzi na kupambwa kwa shanga. Alimkabidhi mkononi bila hotuba. Elmina aliipenda ile sotet, lakini hakuielewa. Aliona kibuyu kizee chenye ufa. Alidhani amepewa ukumbusho, aweke tu. Hilo lilikuwa kosa lake, na baadaye alilikiri mwenyewe bila kuzungukazunguka.

Sasa twende mwaka wa tisini na nne. Akina mama kumi na wawili, hatua chache kutoka soko la Roret, walianzisha kikundi wakakiita Tuinuane. Walijenga kibanda cha mabati, kichinjio cha kuku, ng'ambo tu ya njia kutoka boma la akina Elmina. Walipata wateja, hoteli mbili mjini Kericho na shule tatu. Mwenyekiti alikuwa Celine, mama mwenye sauti inayofika kabla yake. Elmina naye alijiunga. Kila Alhamisi walichinja kuku mia moja, mia moja na ishirini. Watoto walirudi shuleni. Mabati mapya yakaonekana juu ya nyumba.

Na manyoya yakaonekana.

Wasikilizaji wapendwa, nyama huliwa. Matumbo mbwa wanayajua. Manyoya ni nani anayeyataka? Waliyachoma, yakanuka mpaka kanisani. Waliyazika, mbwa wakayafukua. Waliyarundika nyuma ya kichinjio, wakafunika kwa karatasi ya nailoni, na lundo likawa refu kuliko Celine. Mvua ikija, manyoya yanateremka mpaka kijitoni. Na kijito kile ndicho kilichonywesha kijiji kizima. Kufikia tisini na sita, ukichota ndoo unaanza kwa kutoa manyoya kama unavyotoa mawe kwenye maharagwe.

Elmina hakulala vizuri mwaka ule. Chepngetich aliumwa tumbo mara tatu, na kila mara mama yake alijilaumu. Alikuwa mmoja wa wale wanaochafua maji, na alikuwa mmoja wa wale wanaoyanywa.

Hapo lile swali la Krismasi likarudi. Katika jarida moja kuukuu la sayansi pale shuleni alisoma kwamba kuna bakteria wanaokula manyoya. Vijidudu vidogo, havionekani kwa macho. Vinatoa kimeng'enya, yaani maji ya kuyeyushia chakula, kama mate yetu yanavyoanza kulainisha ugali mdomoni. Kimeng'enya hicho kinaukata unyoya vipande vipande mpaka unakuwa mchuzi, na mchuzi huo ni mbolea. Basi Elmina akafikiri, kama vipo duniani, kwa nini visiwe Roret? Alichimba chini kabisa ya lundo, pale penye joto, akachukua udongo kijiko kimoja. Akautia kwenye chupa ya maji, akatia unyoya mmoja, akaiweka mahali pa joto. Siku ya nane unyoya haukuwepo. Ulibaki mti wake wa katikati, laini kama tambi iliyopikwa kupita kiasi.

Weldon anakumbuka siku hiyo. "Alinishika mkono akanipeleka kuona chupa. Ndani kulikuwa maji machafu tu. Nikamwambia, sioni kitu. Akaniambia, ndiyo, hakuna kitu, angalia vizuri."

Chupa haikudumu, ilivunjika jikoni. Elmina akatafuta chombo kingine kinachofaa kukaa juu ya dari la jiko, penye joto la moshi mchana kutwa. Chupa nyingine za shule hakuthubutu kuchukua. Macho yake yakatua kwenye kile kibuyu kizee chenye shanga. Akahamishia mbegu yake humo, mbegu ya vijidudu. Kila Jumamosi asubuhi alipanda juu ya kiti, akakishusha, akakilisha manyoya machache. Hakumwambia Kogo. Hakuona kama kuna la kumwambia.

Lakini akina mama wa Tuinuane aliwaambia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu Elmina hakujua kusema nusu ya kitu. Aliwaeleza kwamba unyoya, ukucha na nywele vimejengwa kwa kitu cha aina moja. Celine akauliza polepole, kwa hiyo kinachokula manyoya kinaweza kula nywele? Elmina akajibu kwa uaminifu kwamba nywele iliyokatwa, ikilowekwa siku nyingi, pengine inaweza.

Siku ya pili kila mwanamke aliyepita karibu na boma lile alikuwa amefunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi. Bahati mbaya haiji peke yake. Wiki hiyo hiyo watoto wawili wa jirani wakatokwa na mashilingi kichwani, yale mabaka ya mviringo yanayong'oa nywele. Mashilingi yako Roret tangu babu zetu. Lakini sasa yakapata mwenyewe. Maneno yakazunguka sokoni kwamba Mkisii yule anafuga wadudu wa kumaliza nywele za watoto wa watu. Mnakumbuka miaka ile, wasikilizaji. Watu walikuwa wametoka kuhamahama kwa hofu ya mapigano ya makabila miaka michache tu nyuma. Neno kama hilo halikuwa mchezo. Elmina alianza kwenda kijitoni mapema, kabla ya wenzake, na Weldon akawa hapendi achelewe kurudi kutoka kazini.

Ndipo ikaja barua. Ijumaa moja ya mwezi wa nane, afisa wa afya, Bwana Joab, aliileta mwenyewe. Siku kumi na nne. Baada ya siku kumi na nne angerudi. Akikuta kikundi hakina njia ya kumaliza manyoya, kichinjio kinafungwa, moja kwa moja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekunywa maji ya kijito kile.

Celine aliitisha mkutano. Hapakuwa na mwenye njia. Mwishowe macho yote yakamgeukia yule waliyekuwa wakimkwepa. Elmina alisema atajaribu.

Jumamosi alichukua pipa, akalijaza manyoya na maji, akamimina nusu ya mbegu kutoka kwenye kibuyu. Vijidudu hivi vinapenda joto, na mnajua baridi ya kwetu. Akalizika pipa mpaka shingoni katika samadi mbichi na matawi ya chai yaliyopogolewa, maana samadi ikichacha inatoa joto. Alikuwa na kipimajoto cha maziwa, kimoja. Alikitumbukiza pipani asubuhi kabla ya kazi, akakitumbukiza akirudi. Joto lilipanda. Siku ya tano manyoya yalianza kulegea. Msiniulize kama alikula siku hizo. Chepngetich anasema mama yake alikuwa anasahau kijiko mdomoni.

Jumamosi ya pili akakilisha kibuyu kama kawaida, akakirudisha juu ya dari. Zilibaki siku sita.

Jumanne saa tisa mchana mvua ya mawe ikashuka. Hamhitaji kuelezwa mvua ya mawe ya Kericho. Ilichana majani chai, ikatoboa sukuma wiki, ikafukua samadi na kujaa kwenye pipa. Elmina alipofika kutoka shuleni, barafu ilikuwa inaelea juu ya manyoya. Akatumbukiza kipimajoto, akasoma, akakifuta, akasoma tena. Pipa lilikuwa limekufa. Siku tatu hazitoshi kuanza upya.

Alibaki na kitu kimoja. Kibuyu. Humo ndani, alijua, manyoya ya Jumamosi yalikuwa yanageuka mchuzi polepole juu ya moshi. Aliamua asikiguse, asikifungue, asikipoze. Siku ya mgeni angemimina mbele ya Bwana Joab, aone kwa macho yake. Kichinjio cha akina mama kumi na wawili, maji ya kijiji, na jina lake mwenyewe, vyote vilikuwa kwenye kibuyu kimoja chenye ufa.

Ijumaa ikafika. Celine na wenzake wamekaa uani kwenye viti vya kuazima, vitambaa mpaka kwenye nyusi. Bwana Joab ameketi, gambuti zina matope. Elmina akaingia jikoni, akapanda juu ya kiti, akapeleka mkono darini.

Hakikuwepo.

Akapapasa kulia, akapapasa kushoto. Akashuka, akatazama nyuma ya kuni, chini ya kitanda cha Kogo, kwenye kabati. Kule nje alisikia Bwana Joab akiuliza mama mwenye pipa yuko wapi, na Celine akijibu kwamba anakuja. Alidhani Celine amekiiba. Alidhani wamekitupa mtoni. Akatoka nje mikono mitupu, na hapo akakiona.

Kogo Tecla alikuwa katikati ya uwanja, amevaa gauni lake la kanisani, amekishika kibuyu kwa mikono miwili. Kinang'aa. Shanga zimefutwa. Anamimina mursik kwenye kikombe cha mgeni, yale maziwa yenye rangi ya majivu, mazito. Bwana Joab alikuwa tayari ameshika kikombe.

Wasikilizaji wapendwa, simameni hapo na Elmina kidogo. Akinyamaza, afisa wa afya anakunywa kutoka kwenye chombo kilichofuga taka za kichinjio miezi mitatu. Moto wa senetwet unasafisha, ndiyo, lakini kwenye ule ufa nani anajua kumebaki nini? Akisema, anamwaibisha mama mkwe wake mbele ya mgeni, kwa mursik, kwenye boma la Wakipsigis, yeye Mkisii anayesemwa sokoni. Na kwa vyovyote vile, mbegu imekwisha.

Alisema. "Bwana Joab, naomba uweke kikombe chini." Kisha akamgeukia Kogo. "Mama, unisamehe. Hii sotet ndiyo nilikuwa nimefugia wale wadudu."

Kogo mwenyewe alitusimulia, na nataka mumsikie kwa maneno yake. "Mimi nilikuwa nimesikia harufu. Nikafungua, nikaona maji mbaya. Nikasema, huyu mtoto hajui kutunza sotet, maziwa imeoza, na wageni wanakuja, watamcheka. Sikutaka achekwe. Hiyo Jumamosi ya mwisho nikamwaga, nikaosha na senetwet mara tatu. Nikaweka maziwa ya ng'ombe yangu, nikarudisha juu. Nilikuwa namficha aibu."

Alikuwa anamficha aibu. Ndiyo maana hakusema kitu. Elmina naye hakusema kitu kwa sababu aliona hakuna la kusema. Watu wawili wanaopendana, kila mmoja amenyamaza kwa wema wake, na mbegu ikamwagika katikati yao.

Kogo alisimama na kibuyu chake. Elmina alitaka kulia. Badala yake likamtoka swali, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa mama mkwe wake: "Mama, ulimwaga wapi?"

Kogo akaonyesha kwa kidevu, nyuma ya kichinjio. Taka alizipeleka kwenye taka. Alikuwa ameinua karatasi ya nailoni, akamwaga juu ya manyoya, akafunika tena.

Elmina alikimbia. Wote wakamfuata, gambuti na vitambaa. Akafunua nailoni. Juu palionekana vile vile, manyoya makavu meupe, na Celine akaguna. Lakini Elmina aliingiza mkono, ukazama mpaka kiwiko, na palikuwa na joto. Joto la kweli, baada ya siku sita, maana mvua ya mawe haikufika chini ya nailoni ile. Alipoutoa mkono, ulikuwa umejaa kitu cha kahawia, kizito, kinachotiririka.

Bwana Joab alikata kijiti akachimba mwenyewe. Alichimba kwa muda mrefu. Pembeni, manyoya mazima. Pale Kogo alipomwaga, shimo lenye upana wa karai, na ndani yake hakuna hata unyoya mmoja. "Huu ni uji," alisema. Kisha akasema atarudi baada ya siku sitini, na akaomba maji ya kunawa.

Elmina alimwambia Weldon jioni ile kitu ambacho hajakisahau. "Nilivitoa kwao penye joto, nikavipeleka pipani kwenye baridi, halafu nikashangaa vimekufa. Mama amevirudisha nyumbani."

Kogo hakumsemesha kwa siku tatu. Mursik ilikuwa imekataliwa mbele ya mgeni, na hilo haliishi kwa sababu shimo limepatikana. Siku ya nne alikuja na kibuyu, kitupu, akamwekea mapajani. "Chukua," alisema. "Lakini kutoka leo nionyeshe inakula nini."

Sitawadanganya kwamba manyoya yote yalikwisha. Walichimba mashimo matatu ya mawe, wakayafunika kwa nailoni na samadi. Miezi ya baridi kazi ilikwama, na Elmina alikuwa akiamka na wasiwasi, akienda kupapasa mashimo kama mtu anayepapasa paji la mtoto mgonjwa. Lakini lundo lilishuka likawa fupi kuliko Celine, kisha fupi kuliko Chepngetich. Kijito kilianza kuonyesha mawe yake. Mchuzi wa manyoya walimwagia sukuma wiki. Vitambaa navyo vikarudi nyuma ya nyusi, kimoja kimoja, na hakuna aliyeomba msamaha. Celine alileta kuku.

Mwaka huu, mwanzoni mwa mwezi wa saba, homa ilipoanza, Elmina alisema ni uchovu. Kwa manyoya aliogopa kila kitu, kwa mwili wake hakuogopa kitu. Alipelekwa hospitali siku ya tano. Siku ya saba akatutoka. Nalisema tena, wasikilizaji, ili mtu asikie: siku ya tano ilikuwa imechelewa.

Siku moja kabla ya mazishi, akina mama walikuja kusaidia boma, kama ilivyo desturi. Walisugua sufuria, wakafagia, wakashusha kila chombo. Mmoja wao akashusha kibuyu darini, akasikia harufu, akakibeba kwenda kuweka kaa la senetwet. Kogo Tecla alikuwa amekaa jikoni tangu asubuhi. Alinyanyuka, akamshika mkono.

"Hiyo muiache," alisema. "Imekula Jumamosi. Itakula tena Jumamosi."

Ilijulikana hapo. Tangu Elmina alipolala kitandani, ni Kogo aliyekuwa anakilisha.

Kwa Weldon, kwa Chepngetich, kwa Antony na jamaa wote wa mzee Bogonko, kwa akina mama wa Tuinuane, na kwako Kogo, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu awafariji. Nanyi mnaotusikiliza, nendeni leo mkamuulize mtu wa nyumbani mwenu lile jambo ambalo kila mmoja amelinyamazia kwa wema. Na kama kuna mwenye homa humo ndani, msingoje siku ya tano.

Leo ni Jumamosi. Kogo Tecla ana miaka sabini na moja, magoti yanamsumbua. Wakati huu, kule Roret, anapanda juu ya kiti.